Taarifa ya Msiba kwa Nyuki

Katika mji wetu mtu haipi nyumba jina.
Nyumba ndiyo humpa mtu jina, ikamzeesha nalo,
ikamzika nalo. Babu alikuwa Bixente wa Iturbeltz,
na ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na nne,
Eustakio wa Sagarmendi,
mwenye mizinga sita chini ya mitofaa
na sauti ya kukwaruza kama tupa za kiwanda
kilichomlisha miaka thelathini kabla hakijafungwa.

Miaka kumi na tisa hawakupeana hata salamu.
Si shamba, si mwanamke, si siasa,
ingawa siasa tulikuwa nayo ya kutosha kuchimbia makaburi.
Mpira tu.
Sikukuu ya mtakatifu wetu, ukutani pa mchezo,
ishirini na moja kwa ishirini na moja,
Eustakio akaupiga kwa kiganja kilichovimba,
ukagonga ukuta, ukarudi, ukaanguka
juu ya mstari, au nje yake kidogo,
upana wa ukucha.
Mwamuzi alikuwa babu. "Nje," akasema.
Nusu ya mji iliona ndani, nusu iliona nje.
Wapo ndugu waliogawana meza tangu siku ile.

Eustakio akafa Jumanne, katika manyunyu yale yetu
yasiyonyesha wala kukatika,
na mila haiulizi nani amemnunia nani.
Mwenye nyumba akifa, jirani wa kwanza
ndiye huwaendea nyuki, kabla ya kengele.
Wasipoambiwa huhama, au hufia mizingani,
na mshumaa wa marehemu ukakosa nta.
Jirani wa kwanza ni mlango ulio upande wa kanisa.
Mlango huo ni wetu.

Mjane wake, Joxepa, hakuja kuomba.
Alifungua tu dirisha la juu, akaliacha wazi.
Babu aliliona akiwa ananyoa ndevu.
Akamaliza shavu moja. Akaweka wembe chini.
Akavaa kofia yake bapa, akasema, "Lete mwavuli."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimshikia mwavuli
kwa mikono yote miwili, nikisimama kwa ncha za vidole,
na bado matone yalimwingia kwenye kola.
Nyasi zilikuwa ndefu. Tofaa zilizooza
zilipasuka chini ya viatu vyetu.

Aligonga mzinga wa kwanza kwa kifundo cha kidole,
mara tatu, kama mtu anayekwenda kuomba muda wa kulipa.
"Nyuki wadogo, bwana wenu amefariki.
Fanyeni nta. Kanisani panahitaji mwanga."
Kibaski cha heshima, kile ambacho
hakuwahi kukitumia hata kwa meya.
Wa pili, maneno yale yale. Wa tatu. Wa nne.
Kwenye wa tano alisahau neno "bwana"
akasema "Eustakio", na jina hilo
likatoka na kutu.

Kwenye wa sita aliinama mpaka sikio likagusa mbao.
Ndani mlikuwa na mngurumo mdogo,
chungu cha maharage kinachoanza kuchemka.
Alikaa hapo. Mikono yangu ilikufa ganzi.
Kisha akasema, si kwa sauti ya mila:
"Na mwambieni uligusa. Kwenye mstari. Niliuona."

Joxepa alikuwa mlangoni.
"Umewaambia?"
"Nimewaambia."
Akamtazama kwa muda mrefu.
"Una povu shavuni, Bixente," akasema,
akampa ncha ya aproni yake.

Babu naye sasa yuko kilimani, kaburi la tatu kutoka lile.
Kwenye baa ya uwanjani bado wanabishana, ndani, nje,
wengine hawakuwa hata wamezaliwa.
Mimi hunywa kahawa yangu. Walioambiwa ni nyuki.
Mstari wenyewe umepakwa rangi upya mara nne,
na kila mpakaji huupanua kidogo.